Ukuta wa Nne

Chumba chetu kina kuta tatu za mwenye nyumba
na mmoja wa kiwanda.
Mzee Changawa aliionea uchungu simiti,
akauegemeza ujenzi wake kwenye mali ya mwenzake,
akaezeka mabati, akaandika kwa mkaa:
VYUMBA VIPO.

Huku ni Mashineni, Malindi,
upande usiopigwa picha.
Fundi wa mageti huchomelea hadi saa tano usiku,
cheche zikirukia ugali wa jirani.
Kinu cha Nyevu husaga mahindi na maneno pamoja,
ukipita hapo hata jina lako hulisikii.
Watoto wanazijua sauti kabla ya herufi:
huo msumeno, hiyo mota,
hizo ndara za baba anayerudi mikono mitupu.

Na nyuma ya kitanda chetu, barafu.
Magogo meupe, marefu kuliko mimi,
yakiburutwa alfajiri, yakifunikwa kwa unga wa mbao,
yakienda kulala na samaki njia nzima hadi Mombasa.

Mwezi wa pili, bati likilia kwa joto,
ukuta wetu ulitoka jasho la baridi
na watu walikuja.
Hodi.
Mwanakheri na mimba yake ya miezi minane
aligeuza mgongo, akaegemea, akashusha pumzi
kama aliyetua ndoo.
Thoya, mpakia magunia, aliweka shavu
utadhani ananong'onezewa.
Hata kuku wa Jumwa alikuja, hakupiga hodi.
Mama hakumtoza mtu.
"Baridi si yetu," alisema, "tumeazimwa, tunaazimisha."

Alikuwa amechimba kitundu kwa kijiko
katika ukuta huo, usawa wa kifua,
akaweka humo vichupa vya dawa yake ya sukari,
vimefungwa kwa kipande cha leso.

Habari zikamfikia Changawa.
Akaja jioni, akaupapasa ukuta
kama anayenunua ng'ombe.
Kodi ikapanda shilingi mia tano.
"Ya nini?"
"Ya baridi."
Mama alicheka mpaka akakaa chini.
Kisha akalipa.

Halafu, Jumatano moja, saa nane za usiku,
ule mngurumo ukakatika kama uzi
na mimi nikaamka. Ndipo nilipojua
kwamba miaka yote nilikuwa nausikia.
Taa ziliwaka nyumba hadi nyumba.
Mtoto wa Mwanakheri, aliyezaliwa ndani ya sauti ile,
alilia hadi adhana.

Vibarua walikaa getini siku tatu.
Ya nne wakakuta kufuli jipya.
Mashine, waliambiwa, zimepelekwa kwingine.
Kwingine: neno ambalo kwetu
lina maana ya popote pasipokuwa hapa.

Ukuta ukakauka jasho.
Baada ya wiki ulikuwa vuguvugu
kama paji la mgonjwa.

Nikatumwa na thamosi.
Kwa wauza samaki, kwa duka la dawa,
kwa hoteli yenye mlango wa kioo,
niombe vipande vitatu tu.
"Vya soda?"
"Vya mama."

Mwisho wa mwezi Changawa akaja.
Mama alimshika mkono, akaubandika ukutani.
"Wasikia nini?"
"Ukuta."
"Basi nipunguzie ile mia tano."
Akautoa mkono polepole, akaupangusa kwenye kikoi.
"Kodi ni kama jua, mama. Hupanda."
"Na hutua, mzee."
Akatazama viatu vyake.
Jibu hakuwa nalo, wala chenji.

Tunalipa mpaka leo.
Thoya akipita bado huingia, huweka shavu,
hufumba macho kidogo, huenda zake.
Simuulizi.
Na katika kile kitundu, usawa wa kifua,
Mama sasa anaweka kibiriti.